Ushahidi wa Shaba

Mgeni akibisha hodi usiku wa mvua, mwenye nyumba aliye na macho mapesi huweza kujua alikotoka kabla hajamwuliza. Udongo mwekundu wa Kiambu una rangi yake. Udongo mweusi wa nyanda za Kano hunata viatuni usitoke upesi. Na mchanga mweupe wa Malindi haufanani na huo wala huo. Mgeni huyo huenda akadanganya kwa ulimi, lakini viatu vyake vitasema kweli. Katika insha hii nataka kueleza jinsi wataalamu walivyovichunguza vitu vya shaba vya Afrika ya Magharibi kwa njia iliyo mfano wa hiyo, na jinsi habari waliyoipata ilivyokuwa ya fahari na ya uchungu kwa pamoja.

Ufalme wa Benin ulikuwa katika nchi ya misitu iliyo kusini ya Nigeria ya leo. Usichanganywe na Jamhuri ya Benin, nchi ya jirani iliyoitwa Dahomey hata mwaka 1975. Wenyeji wa ufalme huo ni Waedo, na mfalme wao huitwa Oba. Ndani ya mji mkuu palikuwa na mtaa wa mafundi wa shaba, uitwao Igun, ambao kazi yao mtoto aliirithi kwa babaye, nao walikuwa watumishi wa Oba. Kwa amri yake walitengeneza vichwa vya wafalme waliokufa, sanamu za chui na jogoo, na mamia ya mabamba yaliyopigiliwa nguzoni katika jumba la mfalme, yakionyesha wakuu, askari, sherehe na wageni. Mtaa huo ungaliko, na mafundi wake wangali wakifanya kazi.

Ufundi wao si mwepesi. Kwanza fundi alifinyanga kiini cha udongo, akakivika nta, akaichonga nta hiyo mpaka ikawa na sura aliyoitaka, hata ukucha na ushanga. Kisha aliifunika kwa udongo laini, akauacha ukauke, akauchoma motoni. Nta ikayeyuka ikatoka kwa tundu, na mahali pake pakabaki uwazi. Ndani ya uwazi huo akamimina shaba iliyoyeyuka, na ilipopoa akauvunja udongo. Kalibu moja ilitumika mara moja tu. Kwa hiyo kosa dogo liliweza kuharibu kazi yote, na hakuna sanamu mbili zilizo sawasawa kabisa.

Mwezi wa Januari 1897 msafara wa Waingereza uliokuwa ukienda Benin ulishambuliwa njiani, na wengi wao wakauawa. Mwezi wa Februari jeshi la Uingereza likauteka mji, ukaungua moto, naye Oba Ovonramwen akapelekwa uhamishoni Calabar, akafa huko mwaka 1914. Maelfu ya vitu vya shaba na pembe za ndovu vilichukuliwa, vikauzwa na kutawanyika katika majumba ya makumbusho ya London, Berlin na miji mingine mingi. Wazungu walipoviona walistaajabu. Wengine walishindwa kukubali ya kuwa Waafrika ndio waliovifanya. Wakasema labda walifundishwa na Wareno, au kwamba ufundi huo ulitoka Misri. Leo hapana mtaalamu asemaye hivyo. Lakini swali jingine lilibaki bila jibu kwa muda mrefu: kazi ni ya Waedo, je, shaba yenyewe ilitoka wapi? Maana katika nchi ya Benin hakuna machimbo ya shaba.

Kabla ya kulijibu, tuelewe kwanza maana ya maneno. Kiswahili hutumia neno shaba kwa madini ya namna mbili. Kuna shaba nyekundu, ambayo hutoka ardhini na ndiyo inayotumika katika nyaya za umeme. Na kuna shaba ya manjano, iliyofanywa kwa kuchanganya shaba nyekundu na zinki. Hii ndiyo ya siwa mashuhuri ya Lamu, ile baragumu kubwa iliyopigwa katika sherehe za mji. Vitu vingi vya Benin ni vya shaba ya manjano. Kwa hiyo yeyote atafutaye asili yake hana budi kutafuta machimbo mawili, la shaba na la zinki.

Sasa tushuke chini ya ardhi. Madini hayakutawanyika sawasawa duniani kama chumvi katika mchuzi. Katika sehemu nyingi, maji ya moto yenye chumvi nyingi yalipita katika nyufa za miamba, yakayeyusha chembe za shaba, risasi, zinki na fedha zilizokuwa zimetapakaa katika mawe, yakazichukua mbali. Yalipofika mahali penye baridi zaidi, au yalipokutana na mwamba wa namna nyingine, yaliutua mzigo wao, na nyufa zikajaa mawe ya madini ambayo wahunzi wa zamani waliyaita mtapo. Lakini maji hayo hayakuchagua. Pamoja na shaba yalichukua aseniki kidogo, nikeli kidogo, antimoni, bismuti, na chembe nyingine kadiri ya miamba yaliyoipitia. Mtapo wa nchi moja ukawa na fedha nyingi, wa nyingine nikeli, na wa nyingine aseniki.

Chembe hizo ni haba mno. Nyingine hupimwa kwa sehemu moja katika milioni, yaani kama punje nne hivi za mchele katika gunia zima. Jicho haliwezi kuziona, wala ulimi hauwezi kuzionja. Hata hivyo mashine za maabara huweza kuzihesabu. Mtaalamu hutoboa mahali pasipoonekana, akachukua unga kidogo wa shaba, akauyeyusha katika asidi na kuutia katika mashine ipambanuayo atomi kwa uzito wake. Orodha apatayo ni kama yale matope ya viatuni: ni alama ya nchi ambayo madini yalipita.

Ingekuwa hivyo tu, kazi ingekuwa rahisi. Lakini katikati ya mwamba na sanamu pana moto. Mtapo ukitiwa katika tanuri, chembe nyingine hufuatana na shaba mpaka mwisho, kama fedha na nikeli. Nyingine hupanda na moshi, kama sehemu kubwa ya aseniki. Na nyingine hubaki katika taka za tanuri, kama chuma. Tena shaba si kama mti, ambao ukikatwa umekwisha. Sufuria iliyotoboka huyeyushwa ikawa bangili, na bangili ikawa kengele, na kila safari madini ya nchi mbili au tatu huweza kuchanganyika. Ndiyo sababu wataalamu hawakuridhika na shahidi mmoja, wakamwita wa pili.

Shahidi huyo ni risasi. Karibu katika kila shaba ya zamani mna risasi, walau chembe. Atomi za risasi ziko za namna nne ziitwazo isotopu, zenye uzito wa 204, 206, 207 na 208. Ile ya 204 haiongezeki. Zile tatu nyingine huongezeka polepole sana, kwa kuwa urani na thori zilizomo katika miamba huvunjika na mwisho wake hugeuka kuwa risasi. Urani iliyo nyingi zaidi huchukua kama miaka milioni 4,500 ili nusu yake igeuke. Siku risasi inapotengana na urani na kutua katika mtapo, saa hiyo husimama. Kwa hiyo ulinganifu wa isotopu hizo hutegemea umri wa mtapo na miamba ulikotoka. Na kwa bahati njema moto wa mhunzi hauwezi kuubadili ulinganifu huo: choma, yeyusha, ponda, isotopu hubaki vilevile.

Tukiwa na mashahidi hao wawili, turudi Benin. Wareno walifika huko karibu na mwaka 1485. Ni taifa lile lile lililokuja kujenga Ngome ya Yesu Mombasa kuanzia mwaka 1593. Kabla yao shaba ilikuwa ikifika Afrika ya Magharibi kwa misafara ya ngamia ikivuka jangwa la Sahara. Mwaka 1964 mtaalamu Mfaransa Théodore Monod alichunguza mzigo wa fimbo kama 2,000 za shaba ya manjano ambao msafara mmoja wa zamani uliufukia mchangani huko Mauritania. Wareno waliileta shaba kwa merikebu, na kwa wingi usiopata kuonekana. Iliyopendwa sana ilikuwa katika umbo la bangili nzito zisizofunga, mfano wa kwato ya farasi, ambazo wao waliziita manilha. Wachuuzi wa Kiafrika walikuwa wateuzi: waliangalia umbo na uzito, wakasikiliza mlio wake, na zisizowapendeza walizikataa. Mwaka 1548 wakala wa mfalme wa Ureno aliye Antwerp alifanya mapatano na Fugger, jamaa ya matajiri wa Augsburg katika Ujerumani, wampe bangili hizo kwa wingi mno. Fedha hizo zilidumu hata serikali ya kikoloni ya Nigeria ikazikusanya na kuziondoa sokoni katika miaka ya 1948 na 1949.

Bangili hizo zilinunua nini? Zilinunua pilipili, pembe za ndovu na nguo. Zilinunua na watu. Duarte Pacheco Pereira, nahodha Mreno aliyeandika mwanzoni mwa karne ya 16, alitaja bei ya mtumwa katika Benin kuwa bangili kumi na mbili hata kumi na tano. Na katika mabamba ya Benin yenyewe limo moja linaloonyesha askari Mreno, na bangili zimepangwa kandoni mwake. Wanahistoria waliotazama bamba hilo walidhani ya kuwa mafundi wa Igun waliyeyusha bangili hizo kuzifanya sanamu. Lakini dhana si ushahidi. Vipimo vya kwanza havikuweza kuithibitisha.

Mwezi wa Aprili 1923 ulipita, na karne nzima ikapita, wala jibu halikupatikana. Ndipo mwezi wa Aprili 2023 kundi la wataalamu likiongozwa na Tobias Skowronek, wa chuo kimoja cha ufundi katika mji wa Bochum huko Ujerumani, likatangaza matokeo ya uchunguzi wao. Walikuwa wamepima bangili 67. Nyingine zilitolewa katika merikebu tano zilizozama kati ya karne ya 16 na ya 19, na nyingine zilifukuliwa nchi kavu, katika Ghana, Sierra Leone na Sweden. Faida ya merikebu iliyozama ni kwamba mzigo wake haukuguswa tena na mhunzi: bangili iliyolala chini ya bahari ya Getaria, kaskazini mwa Hispania, tangu mwanzo wa karne ya 16, haikupata nafasi ya kuchanganywa na shaba nyingine, na ile iliyozama na merikebu Douro karibu na visiwa vya Scilly mwaka 1843 yaonyesha biashara ilivyokuwa mwishoni.

Walipolinganisha chembe haba na isotopu za risasi za bangili na zile za sanamu za Benin, bangili za zamani zilipatana na sanamu. Tena zilipatana na mitapo ya Ujerumani, katika nchi ya mto Rhine. Hata karne ya 18 ilipokuwa ikiendelea, Ujerumani ndiyo iliyokuwa chimbuko kubwa la shaba ya bangili hizi. Mwishoni mwa karne hiyo viwanda vya Uingereza vikachukua nafasi yake.

Katika nchi hiyo, karibu na miji ya Aachen na Stolberg, kuna miamba ya chokaa yenye umri wa zaidi ya miaka milioni 300. Maji ya moto yenye chumvi yaliyapita mawe hayo, yakaacha risasi na zinki zilizoshikamana na kiberiti. Baadaye mvua na hewa vikaipenya sehemu ya juu, vikaigeuza zinki kuwa jiwe jepesi kuchimbika liitwalo kalamini. Mafundi wa huko hawakujua kuitoa zinki peke yake, kwa sababu huchemka na kupotea hewani kabla mtapo haujawa madini. Basi walitwanga kalamini, wakaichanganya na mkaa na vipande vya shaba nyekundu, wakaifungia yote ndani ya vyungu, wakaviweka motoni. Mvuke wa zinki ukakosa njia ya kutoka, ukaingia ndani ya shaba, nayo ikageuka manjano. Na pamoja na zinki ikaingia risasi ya kalamini, ikiwa na isotopu zake. Hivyo mwamba wa Rhine ukatia sahihi yake katika shaba, na wala fundi wa Stolberg wala wa Igun hakujua kama imetiwa.

Msomaji asidhani ya kuwa njia hii huonyesha sikuzote kwamba mali ya Afrika ilitoka ng'ambo. Katika Nigeria hiyo hiyo, mashariki ya mto Niger, kuna mahali paitwapo Igbo-Ukwu. Mwaka 1938 mwenyeji mmoja alipokuwa akichimba birika la maji alikutana na vyombo vya ajabu, na katika miaka ya 1959 na 1960 Thurstan Shaw akachimbua zaidi: vyombo vya umbo la kome, mapambo na vikombe vilivyonakshiwa kama kwa sindano, vya karne ya 9 au ya 10, miaka mia tano kabla ya Wareno. Wengi walisema, shaba hii lazima iwe imeletwa, kwa kuwa haijulikani ya kuwa kuna shaba Nigeria. Walipoipima waliona haina dalili za shaba ya ng'ambo. Bali ina fedha nyingi isivyo kawaida, na isotopu za risasi yake zapatana na mitapo ya Abakaliki, iliyo nchi ya karibu. Mitapo hiyo ilizaliwa katika bonde lililopasuka hapo Afrika na Amerika ya Kusini zilipoachana, zaidi ya miaka milioni 100 iliyopita. Watu wa Igbo-Ukwu basi walitumia madini ya kwao. Shahidi ni yule yule, hakumpendelea mtu.

Hata hivyo tujifunze kumsikiliza shahidi kwa kadiri ya maneno yake, tusimlishe maneno yetu. Chembe na isotopu huweza kutuambia kwa nguvu kwamba shaba hii haikutoka mahali fulani. Kusema kwamba ilitoka mahali fulani huhitaji uangalifu zaidi, kwa kuwa nchi mbili za mbali huenda zikawa na mitapo inayofanana. Tena huonyesha njia ya madini, lakini hazionyeshi ni bangili ipi iliyonunua pilipili na ipi iliyonunua mtu. Hilo ni la maandishi, na la masimulizi ya wazee.

Jambo hili si la kale tu. Mwaka 2022 Ujerumani ilikubali kuirudishia Nigeria haki ya mali ya vitu zaidi ya 1,000 vya Benin, na mwezi wa Desemba mwaka huo ishirini vikakabidhiwa Abuja. Wakati huo huo wazao wengine wa watumwa katika Marekani walinena: shaba hiyo ni thamani ya babu zetu; mbona sisi hatuulizwi? Wataalamu wa maabara hawawezi kukata shauri hilo. Lakini wamefanya lisiweze kupuuzwa na upande wowote. Asemaye kwamba sanamu si za Waedo kwa kuwa shaba ni ya Ujerumani amekosa, maana mwuza udongo hadai chungu. Naye apendaye kuzitazama sanamu kwa fahari peke yake, bila ya kukumbuka bei iliyolipwa, naye amekosa.

Tazama basi safari ya kipande kimoja cha shaba. Kilizaliwa katika miamba ya Ulaya, kikavuka bahari kikiwa bangili, kikahesabiwa mkononi mwa mchuuzi kuwa sehemu ya bei, kikayeyuka Igun kikawa uso wa mfalme, kikaporwa na kupelekwa Ulaya tena, na mwisho kikarejea Nigeria. Hati za safari hiyo nyingi zimeungua au zimepotea, na walionunuliwa kwa bangili hawakuachiwa nafasi ya kuandika hata jina. Lakini zile chembe chache, punje nne katika gunia, zilikuwamo ndani ya shaba muda wote huo, na zilipoulizwa zilijibu.